Utangulizi: Ngozi na Nyayo za Mbwa katika Majira ya Ukambani

Unaingia katika elimu ambayo bado ni changa. Kitabu kilichoipa elimu ya ngozi ya mbwa na paka msingi wake wa kisasa, cha Wamarekani George Muller na Robert Kirk, kilitoka mwaka 1969, na mkutano wa kwanza wa dunia wa madaktari wa mifugo wanaoshughulikia ngozi ulifanyika Dijon, Ufaransa, mwaka 1989. Anayeianza elimu hii leo, awe mwanafunzi wa udaktari wa mifugo huko Kabete au mfugaji wa Mutomo, hajachelewa. Kazi nyingi bado inangoja watu.

Lakini vitabu hivyo viliandikwa katika nchi za theluji. Vinapofika kwenye majira ya mwaka, mwenye mbwa huonywa juu ya chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, juu ya hewa kavu ya nyumba zinazopashwa moto, na juu ya viroboto wanaotoweka baridi inapokaza. Huo ni ushauri mwema kwa mbwa wa Chicago. Mbwa anayefuata mbuzi kando ya mto Tiva tangu alfajiri hadi jua la utosi ana kalenda nyingine kabisa. Hoja ya utangulizi huu ni kwamba kalenda hiyo ndiyo mlango wa elimu yenyewe. Ngozi ya mbwa wa Kitui na Makueni haisomeki vizuri mpaka ujue ni mwezi gani, anakanyaga udongo gani na analala wapi. Mbwa anayejikuna Februari na mbwa anayejikuna Novemba mara nyingi hawaugui kitu kimoja, na dawa ya huyu yaweza kumdhuru yule.

Kaunti ya Kitui ina eneo la takriban kilomita za mraba 30,000, na Makueni takriban 8,000. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni nyanda kavu. Mvua ya kutegemewa ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Ndiyo mkulima anayoipandia kwa moyo mkunjufu. Ile ya Machi hadi Mei huja kwa kusuasua, na miaka mingine haiji kabisa. Katikati ya mvua hizo mbili kuna viangazi viwili visivyofanana: Januari na Februari ni joto kali, na Juni hadi Septemba ni ukavu wenye mawingu, upepo na baridi ya asubuhi, hasa katika vilima vya Mbooni na Kilungu. Udongo nao hubadilika njiani. Kuna mchanga wa mito ya msimu, kuna vumbi jekundu la nyanda za Kitui, na ukishuka upande wa Kibwezi, chini ya vilima vya Chyulu, kuna mawe meusi ya volkano yanayokwaruza unyayo kuliko ardhi nyingine yoyote ya huku.

Kabla ya kuingia katika majira, tuitazame ngozi yenyewe. Watu wengi hudhani ngozi ya mbwa ni ngumu kuliko yetu, kwa kuwa anapita kwenye miiba na kulala juu ya mawe. Kinyume chake ndicho kweli. Tabaka la nje la ngozi yake lina safu tatu hadi tano za seli tu mahali penye manyoya, ilhali letu lina kumi au zaidi. Kinachomkinga ni manyoya pamoja na mafuta yanayotoka mashinani mwake. Tena ngozi yake haina uchachu kama wa ngozi ya mwanadamu. Ndiyo sababu sabuni ya kipande, na zaidi ya hiyo sabuni ya unga ya kufulia, humwondolea mafuta na kumwachia mba na mwasho. Mbwa wa shamba mwenye afya hahitaji kuogeshwa mara kwa mara. Kumpangusa kwa kitambaa chenye maji na kumchana manyoya hutosha kwa muda mrefu.

Unyayo ni habari nyingine. Hapo ngozi ni nene kuliko popote mwilini, na chini yake kuna mafuta yanayopokea uzito wa mwili. Ndipo penye tezi za jasho la maji, ambazo sehemu nyingine za mwili wa mbwa karibu hazina. Mwaka 2011 watafiti wa Japani wakiongozwa na Hiroyoshi Ninomiya walieleza jinsi mishipa ya damu ilivyopangwa ndani ya unyayo wa mbwa: ile inayopeleka damu imelala sambamba na ile inayoirudisha, joto likahama kutoka moja hadi nyingine, hata mbwa akaweza kusimama juu ya barafu bila kuganda. Mpango huo ni wa ajabu, ila unasaidia dhidi ya baridi. Dhidi ya mchanga wa saa saba mchana wa Februari haumfai kitu.

Mchanga mtupu unaopigwa na jua katika nchi kavu waweza kuzidi nyuzi 60 za Selsiasi juu yake, hata hewa ikiwa na nyuzi 35 tu. Ngozi huungua kwenye joto hilo kwa muda mfupi. Mbwa hutuonyesha kwa namna yake: anainua mguu mmoja mmoja, anakimbilia kivuli cha mgunga, anakataa kuvuka lugga, yaani mto mkavu wa msimu. Jioni yake utamkuta akilamba nyayo, na ukizigeuza utaona zimekuwa nyekundu, au tabaka la juu limebambuka kama lengelenge lililopasuka. Kipimo ni rahisi: weka kiganja cha mkono wako juu ya ardhi. Ukishindwa kukiacha hapo huku ukihesabu polepole hadi saba, mbwa naye asipitishwe hapo. Mifugo ipelekwe malishoni mapema na irudi kabla jua halijakomaa, au ingoje alasiri. Najua mchungaji hana uhuru wote huo kiangazi, maji yakiwa mbali. Hata hivyo, kupitia njia yenye nyasi badala ya kukata katikati ya mto mkavu kunaweza kuokoa nyayo nne.

Kwa unyayo uliokauka na kupasuka, Ukambani ina dawa yake nzuri nyumbani. Kitui inajulikana kwa asali, na penye asali pana nta. Nta iliyoyeyushwa na kuchanganywa na mafuta ya nazi au mafuta ya kula hufanya marhamu inayokaa juu ya unyayo kuliko mafuta matupu. Ipakwe usiku, kidogo, mbwa akiwa amelala. Unyayo ukilainika mno nao huchubuka haraka. Asali yenyewe ni tiba ya kidonda yenye ushahidi wa kisayansi: huvuta maji kutoka kwa vijidudu na kuzalisha haidrojeni peroksaidi kwa kiasi kidogo. Inafaa kwenye kidonda kilichooshwa na kufungwa kitambaa safi, kwa kuwa kisipofungwa mbwa atailamba yote kwa dakika moja.

Kiangazi ndicho pia msimu wa miiba. Mbigili hutambaa ardhini na mbegu zake zenye pembe huchoma katikati ya vidole. Mbegu kavu za nyasi ni mbaya zaidi, kwa sababu umbo lake huziruhusu kwenda mbele tu. Huingia kwenye ngozi laini kati ya vidole, hupotea ndani, na baada ya siku kadhaa hutokea uvimbe wenye usaha usiopona kwa antibiotiki yoyote mpaka kile kibua kitolewe. Mbwa anayelamba nafasi ileile ya vidole kila siku katika Julai na Agosti, mfungue vidole na utazame kwa mwanga wa jua. Tazama pia ukucha wa ndani ya mguu wa mbele, ule usiogusa ardhi. Hausagiki kwa kutembea, hivyo hukua kwa kujipinda mpaka ukarudi kuchoma nyama.

Sasa tufike kwa funza, ambaye ndiye somo kuu la vumbi. Hakuwepo Afrika Mashariki tangu kale. Simulizi inayokubalika na wanahistoria wa tiba ni kwamba mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, iliyotoka Brazil ikiwa imebeba mchanga wa kuipa uzito, ilimleta pwani ya Angola. Kutoka hapo alisafiri na misafara ya wapagazi na askari, akavuka bara zima na kufika pwani yetu kabla ya karne ya 19 kuisha. Funza jike ana urefu wa chini ya milimita moja anapoingia ngozini. Ndani ya wiki mbili hivi huvimba kwa mayai hadi kukaribia sentimita moja, huyamwaga mayai yake ardhini, kisha hufa humo humo ndani ya ngozi. Mayai huanguliwa na mabuu hukua katika vumbi kavu lenye kivuli: sakafu ya udongo, pembe ya jiko, mahali mbwa anapojichimbia shimo la kulala. Ndiyo maana funza huzidi kiangazi na kupungua mvua inapoloanisha ardhi.

Mbwa hubeba funza kwenye nyayo, kati ya vidole na kando ya kucha. Uchunguzi wa Francis Mutebi na wenzake katika wilaya ya Bugiri, Uganda, ulionyesha kwamba nguruwe ndiye mnyama wa kwanza kuubeba ugonjwa huu vijijini na mbwa hufuata, na kwamba wanyama na watu wa boma moja huugua pamoja. Hapo ndipo mtu wa Kitui anapaswa kusimama na kufikiri. Tunamwogesha mtoto miguu, tunamtoa funza, tunamnunulia viatu, kisha mbwa anarudi jioni na kumwaga mayai pale pale mtoto anapocheza. Tiba ya mtoto bila tiba ya mbwa ni kazi ya kurudiwa kila mwezi. Katika kaunti ya Kilifi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliihusisha sakafu ya udongo na ugonjwa huu. Nyumba isiyo na saruji yaweza kunyunyiziwa maji kila asubuhi na kufagiliwa, na shimo la mbwa likasogezwa mbali na mlango.

Na tafadhali, funza wa mbwa asichokolewe kwa mwiba. Kidonda kinachobaki ni mlango wa pepopunda na usaha, na mbwa mwenye maumivu huuma. Katika jaribio lililofanywa kwa watoto wa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, mafuta ya dimetikoni, yanayoziba tundu ambalo funza hupumulia, yaliua asilimia 78 ya funza katika siku saba, ilhali maji ya pamanganeti yaliua asilimia 39. Hilo lilikuwa jaribio la watu, na daktari wa mifugo ndiye wa kukuambia kinachofaa kwa mbwa wako, lakini funzo lake ni pana: funza huuawa akiwa mahali alipo, bila kuchimbwa.

Baridi ya Juni na Julai huleta utitiri wa upele. Mdudu huyu haonekani kwa macho. Huchimba njia ndani ya ngozi, na mbwa hujikuna usiku na mchana mpaka ncha za masikio, viwiko na tumbo vibaki bila manyoya, vikiwa na magaga ya kijivu. Akianguka kutoka kwa mbwa, utitiri huishi siku chache tu kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25, bali kwenye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15 aweza kufikisha wiki tatu. Fikiria usiku wa Julai juu ya Mbooni, mbwa watatu wamekumbatiana juu ya gunia moja, na utaelewa kwa nini upele wa mmoja huwa wa wote. Gunia hilo lichomwe, au lifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Watu wa nyumbani wanaweza kupata vipele vya kuwasha mikononi na tumboni. Kwa kawaida huisha mbwa akitibiwa.

Juu ya tiba ya upele nina maneno makali kidogo. Bado kuna wanaompaka mbwa mafuta machafu ya gari, au mafuta ya taa. Yote mawili huchoma ngozi, na mbwa akiyalamba huumia ini, figo na mapafu. Kosa la pili hutokea agroveti: dawa ya kuogeshea ng'ombe inanunuliwa, inachanganywa kwa macho, na mbwa anamwagiwa ikiwa kali mara kadhaa kuliko inavyoruhusiwa. La tatu ni sindano ya ng'ombe ya ivamektini. Dawa hiyo ni neema kubwa kwa wanadamu na wanyama, na wagunduzi wake Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini sindano iliyotengenezwa kwa mnyama wa kilo 300 ni vigumu kuipima kwa mbwa wa kilo 15, na mbwa wa jamii ya Collie pamoja na machotara wao huwa na kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa kuingia ubongoni. Kuna vidonge vya kutafuna vya kundi la isoksazolini, vilivyoingia sokoni kuanzia mwaka 2014 hivi, vinavyoua kupe, viroboto na utitiri kwa pamoja. Bei yake ni nzito kwa wengi, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba baadhi ya mbwa wanaweza kupata kifafa. Muulize daktari wa mifugo kwanza.

Mvua za vuli zikifika, vumbi hutulia na adui hubadilika. Nyasi zikichipua, kupe hupanda majani na kumngoja anayepita. Kupe wa kahawia wa mbwa hana haja hata ya majani: huishi kwenye nyufa za ukuta na kibanda, na jike mmoja aliyeshiba aweza kutaga mayai elfu kadhaa. Mtafute ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani na chini ya mkufu. Mvute kwa kibano karibu na ngozi, moja kwa moja, bila moto wala mafuta ya taa. Hatari yake kubwa iko kwenye damu. Kijidudu kiitwacho Ehrlichia canis, kilichoelezwa kwanza Algeria mwaka 1935, huenezwa na kupe huyu, na kwa muda ugonjwa wake uliitwa kwa jina la Nairobi kwa sababu ya mbwa waliotokwa na damu huko. Mgeuze mbwa mgongo chini utazame tumbo pale pasipo na manyoya. Ukiona vidoa vyekundu visivyofifia unapovibonyeza, ngozi inakuambia damu haigandi vizuri, na siku hiyo hiyo atafutiwe daktari.

Mambo mengine ya vuli nayapitia haraka. Nzi waumao huzitafuna ncha za masikio mpaka zitoke damu. Mafuta ya mgando yakipakwa asubuhi huwazuia kwa kiasi. Viroboto wa kuku hung'ang'ania ukingo wa sikio kwa makundi meusi penye banda la kuku karibu. Unyayo unaoloa matope kutwa hulainika na kuota kuvu kati ya vidole, basi ukaushwe jioni kwa kitambaa. Choa, zile duara zisizo na manyoya, huwaambukiza watoto. Na kidonda chochote cha msimu wa mvua kisilale bila kusafishwa, kwa kuwa nzi hutaga humo na mabuu hula nyama iliyo hai.

Sehemu ninayotaka tukae zaidi ni ile ya usubi na vichuguu, maana hapa Kitui na Makueni hazikupokea elimu kutoka nje, ziliitoa. Kuanzia mwaka 1952 ugonjwa wa kala-azar ulilipuka Kitui na kuua watu wengi. Daktari R. B. Heisch, aliyeuchunguza, aligundua kwamba wagonjwa wengi walikuwa na desturi ya kuketi karibu na vichuguu jioni, na mwaka 1954 akachapisha maelezo yake. B. A. Southgate na B. V. E. Oriedo waliendelea na kazi hiyo Kitui, na mwaka 1962 Heisch, Wijers na Minter wakamtaja Phlebotomus martini, usubi anayejificha ndani ya matundu ya vichuguu mchana na kutoka kuuma jua likizama, kuwa ndiye mwenezaji. Maarifa hayo yamewafaa watu kutoka Baringo hadi Ethiopia na Somalia.

Kisha, mwaka 1980, M. J. Mutinga na wenzake walichapisha ripoti kwamba wamepata vimelea vya jamii ya Leishmania, ile iletayo kala-azar, katika mbwa wa kufugwa wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo. Waliuliza swali zito: je, mbwa huhifadhi ugonjwa huu Afrika Mashariki? Katika nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, na Brazil vilevile, ambako kimelea cha jamii ya karibu huenea, mbwa ndiye mhifadhi mkuu. Kwetu wataalamu wengi huona kwamba ugonjwa huenda zaidi kutoka mtu hadi mtu, na swali la Mutinga bado liko mezani. Kwa mtu wa ngozi, jambo la kushika ni hili: katika nchi hizo nyingine, mbwa mgonjwa huonyesha kwanza kwenye ngozi na miguu. Manyoya hunyonyoka kuzunguka macho, mba mkavu hujaa mwilini, ukingo wa sikio hufanya vidonda visivyopona, na kucha hurefuka kupita kiasi. Mbwa mwenye dalili hizo Tseikuru au Kyuso asihesabiwe kuwa amezeeka tu. Apimwe. Na kibanda cha mbwa kisijengwe kando ya kichuguu.

Ngozi husema pia habari za chakula. Mbwa wengi wa vijijini huishi kwa ugali na mabaki. Mahindi yakiwa ndiyo chakula pekee, madini ya zinki hayanyonywi vyema tumboni, na nyayo pamoja na ngozi ya kuzunguka mdomo na macho huota magamba magumu. Dagaa kidogo, mifupa laini ya supu au yai mara moja moja hubadilisha manyoya ndani ya wiki kadhaa. Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2004 sumu ya kuvu kwenye mahindi, aflatoksini, iliwapata watu 317 mashariki mwa nchi, na 125 kati yao wakafa. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia kupita zote. Tangu hapo familia nyingi zimejifunza kuyatenga mahindi yenye kuvu. Yasitupiwe mbwa. Ini lake halistahimili sumu hiyo, na dalili huonekana ngozini: umanjano kwenye ufizi, weupe wa jicho na ndani ya sikio. Ukiuona, hujachelewa kubadilisha chakula, ila umechelewa kungoja kesho kumwita daktari.

Uchunguzi wa mbwa wa Machakos uliofanywa na Philip Kitala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wengi hawafungwi wala kuzuiwa, na kwamba maisha yao ni mafupi, miaka michache tu. Mbwa wa namna hiyo hukutana na kila udongo, kila kupe na kila mbwa mwingine. Hilo pia lina maana kwamba mkono unaogusa unyayo wenye maumivu unaweza kuumwa. Kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa ni sharti la kwanza la kazi hii. Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuongoza mpango wa taifa wa 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza ugonjwa huo. Mbwa akikuuma, hata kama ni wako na amechanjwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali.

Ombi langu kwako, msomaji, ni dogo na linawezekana leo. Chukua daftari la shule. Kila mwisho wa wiki mtazame mbwa wako masikio, macho, kwapa, tumbo, kati ya vidole na chini ya nyayo, uandike mwezi, hali ya mvua na ulichokiona. Timu ya chanjo ikifika katika wadi yako, mpeleke mbwa pamoja na daftari hilo, umwonyeshe afisa wa mifugo. Nanyi wanafunzi wa Kabete mnaotoka Mwingi, Wote, Kibwezi na Mutomo, yasomeni madaftari hayo na kuyachapisha, kwa sababu kitabu cha ngozi ya mbwa wa nchi kavu ya Kenya hakitaandikwa Dijon wala Chicago.